Jinsi Cicely Tyson alivyoigiza bibi wa miaka 110

Hapa Tabora ninapofundisha uigizaji, mwanafunzi akipewa nafasi ya bibi hukimbilia poda kichwani, mkongojo na sauti ya kutetemeka. Dakika tano hazijaisha, mgongo umenyooka na bibi anatembea kama anayewahi treni ya Mwanza.

Ndipo ninapowawekea Cicely Tyson, mwigizaji wa Marekani. Wengi wameshamwona bila kumjua jina: ndiye Binta, mama yake Kunta Kinte kwenye tamthilia ya televisheni ya Roots ya 1977. Lakini somo lenyewe liko kwenye The Autobiography of Miss Jane Pittman, filamu ya televisheni ya 1974. Humo ni mwanamke aliyezaliwa utumwani, na Tyson anamwigiza tangu ana miaka 23 hadi 110. Mwenyewe alikuwa na 49.

Sura ya uzee ilitengenezwa na Stan Winston na Rick Baker kwa mpira laini uliobandikwa juu ya ngozi. Walipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, na waliistahili. Tatizo la mpira ni kwamba unafunika misuli midogo ya uso, na kamera inaitaka hiyo hiyo. Mwigizaji anabaki na macho, shingo na mwendo. Tazameni anapokwenda kunywa maji kwenye bomba la wazungu peke yao, mbele ya mahakama, askari wakimwangalia. Hatua fupi fupi, hana papara wala hajionyeshi kuwa mzee. Mzee wa kweli hatetemeki ili tumwone. Anabana nguvu zake zimfikishe anakokwenda. Nafasi hiyo ilimpa Emmy mbili.

Alizaliwa New York tarehe 19 Desemba 1924, wazazi wakiwa wametoka kisiwa cha Nevis. Alianza na uanamitindo. Mwaka 1963 alitokea kwenye tamthilia ya East Side/West Side na nywele zake fupi za asili, jambo geni kwenye televisheni ya Marekani wakati ule. Filamu ya Sounder ya 1972 ikamfikisha kwenye kuwania Oscar, tuzo ya filamu. Nafasi za kudhalilisha watu weusi alizikataa, hata ikabidi akae bila kazi. (Siwaambii wanafunzi wangu wamwige katika hilo, kodi ya nyumba haisubiri.)

Alipata Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, mwaka 2013 akiwa na miaka 88, na Oscar ya heshima mwaka 2018. Alifariki tarehe 28 Januari 2021, ana miaka 96.

Kwenye tamthilia ya How to Get Away with Murder, mwaka 2015, anamchana nywele binti yake wa kwenye hadithi, anayeigizwa na Viola Davis, aliyekaa chini katikati ya magoti yake. Miaka 90, mpira hakuna. Baada ya kipande hicho naleta kigoda: mwanafunzi akae, ainuke bila kushika kitu, kisha arudie akijizuia magoti yasikunjuke upesi. Mstari wa kusema nitampa kesho yake.