Bei ya kiwanja haisubiri ofisi ifunguliwe: Google kule Dublin na sisi huku Mbeya

Juzi kati nilikuwa Uyole napima fremu za mteja anayetaka kukopa benki, kazi ya kawaida tu, mi nimeshika futikamba upande huu, kijana wangu upande ule na daftari kwapani, mara mvua ikashuka, ile ya kwetu inayoanza taratibu afu inakaa mpaka jioni. Tukajibanza kwa mama mmoja anayepika kwenye fremu ya mwisho, tukaagiza chai na viazi vya kuchemsha. Alipoona makaratasi yangu akauliza, "Baba, eti ni kweli wanaleta chuo hapo juu?" Nikamwambia sijasikia kitu mama. Akasema basi mwenye fremu kasikia, maana kodi ilikuwa 80,000 kwa mwezi na sasa anataka 120,000, tena ya miezi sita kwa mkupuo.

Hakuna mchoro, hakuna tingatinga, hakuna hata mtu aliyekuja kupiga bikoni, ila bei imeshahama. Mi ni mthamini, nayaona haya kila wiki, na leo nataka niyaeleze kwa kutumia mji wa mbali kabisa, Dublin, mji mkuu wa Ireland, kwa sababu pale Google waliingia kwenye mtaa wa bandari ya zamani wakawa wanapanuka jengo moja baada ya jingine, na ukifuatilia tarehe zake unaona wazi kabisa kwamba ardhi hupanda kabla ofisi haijafunguliwa, na anayefaidi ni yule aliyekuwa ameshika karatasi mapema.

Mtaa wenyewe unaitwa Grand Canal Dock. Ni bwawa kubwa la kuegeshea meli, lilifunguliwa 1796, pale mfereji unapokutana na mto Liffey. Zamani ilikuwa sehemu ya kazi nzito: makaa ya mawe yanashushwa, vinu vya kusaga nafaka, na kiwanda cha gesi. Hii gesi si ya kuchimbwa kama ya Songosongo, ni gesi waliyokuwa wanaipata kwa kuyapasha makaa ya mawe moto mkali kwenye matanuru yaliyofungwa, na uchafu wake ni lami nzito yenye sumu inayozama ardhini na kukaa humo. Baadaye yakaja makontena na meli kubwa zinazotaka kina kirefu, shughuli zikasogea kuelekea baharini, wapakuaji mizigo wakakosa kazi, maghala yakabaki matupu. Kwenye miaka ya 80 ukienda pale ungekuta mabati yenye kutu na ardhi ambayo hakuna mtu aliitaka hata kwa bei ya kutupa.

Hapo ndo pananivutia mimi, maana watu wakiona picha za majengo ya vioo pembeni ya maji wanadhani stori ni jengo. Stori iko chini, kwenye udongo. Mwaka 1997 serikali ya Ireland iliunda mamlaka maalumu ya kuendeleza eneo la bandari, ikanunua lile eneo la kiwanda cha gesi, ikajenga ukuta chini ya ardhi kulizunguka ili sumu isisambae, ikachimba udongo mbovu na kuuhamisha. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya euro milioni 50, na ilipokamilika 2006 eneo lilikuwa linakadiriwa kuwa na thamani ya kama euro milioni 300. Hiyo tofauti haikuletwa na tofali hata moja la kampuni yoyote. Imeletwa na pesa ya umma iliyosafisha ardhi, na kituo cha treni kilichofunguliwa pale 2001, na uchumi wa nchi nzima uliokuwa unakimbia wakati ule.

Google walitangaza kuja Dublin mwaka 2003 wakaweka makao yao ya Ulaya barabara ya Barrow, hatua chache kutoka hicho kituo cha treni. Mwaka huohuo kodi ya faida ya makampuni nchini humo ilishakuwa asilimia 12.5, ambayo kwa Ulaya ni ya chini sana, na watu wanaongea Kiingereza, na soko la Umoja wa Ulaya liko wazi. Walianza wakiwa wapangaji. Hili lishikeni: mpangaji kwanza, mnunuzi baadaye.

Naomba hapa niwape hesabu ndogo, maana bila hii mengine hayatakaa sawa. Chukua fremu moja Mwanjelwa inayoingiza 200,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 2,400,000. Mtu akitaka kuinunua anajiuliza, pesa yangu irudi kwa asilimia ngapi kwa mwaka? Kama mpangaji ni wa kubahatisha, leo yupo kesho kahamia Tunduma, mnunuzi atataka asilimia 10, kwa hiyo thamani ni 24,000,000. Sasa mtoe huyo mpangaji muweke mwingine mwenye uhakika, taasisi kubwa inayolipa bila kufuatwa, mkataba wa miaka kumi. Kodi ni ileile, 200,000, lakini mnunuzi sasa yuko tayari kupokea asilimia 8 kwa sababu hofu imepungua. Thamani inaruka hadi 30,000,000. Milioni 6 zimeingia na hakuna aliyepaka hata rangi. Na jirani zako nao wanapanda, kwa sababu kila mtu anaanza kuamini kwamba wapangaji wa aina ile watamfikia na yeye.

Ndo kilichotokea pale bandarini. Ilipoingia Google, wakafuata Facebook, wakafuata LinkedIn, mtaa ukapewa jina la Silicon Docks, na kila aliyejiunga alikuwa anampunguzia hofu anayefuata.

Afu ikaja 2008, mabenki yakayumba, nyumba zikaporomoka bei, na mwishoni mwa 2010 Ireland ikalazimika kuchukua mkopo wa uokozi wa euro bilioni 67.5 kutoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na wenzao. Miezi michache tu baada ya hapo, mapema 2011, Google wakanunua jengo la Montevetro, refu kuliko majengo yote ya ofisi mjini wakati ule, kwa euro milioni 99.9. Soko limelala, wajenzi wana madeni, na wao wana pesa taslimu. Kama mthamini sina la kuwalaumu, wamenunua wakati sahihi. Miaka saba baadaye, 2018, wakachukua Bolands Quay, pale kwenye vinu vya zamani vya unga, na safari hii ni kama euro milioni 300. Majengo mawili haya hayalingani kwa ukubwa, kwa hiyo usiyagawanye tu ukasema bei imepanda mara tatu, lakini mwelekeo unauona mwenyewe.

Sasa mtu wa kawaida wa Ringsend, mtaa wa jirani walikokuwa wanaishi familia za wafanyakazi wa bandari, yeye alipata nini? Kazi zilikuja, nyingi na zenye mishahara minono, na siwezi kuzibeza, mimi mwenyewe nina wadogo zangu wamesoma kompyuta hapa MUST, chuo kikuu chetu cha sayansi na teknolojia, wanahangaika na ajira. Lakini kodi za nyumba Dublin zilipanda mpaka serikali, Desemba 2016, ikaweka ukomo kwamba kwenye maeneo yenye shinikizo mwenye nyumba asipandishe zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka. Angalia tarehe jamani. Kampuni imekuja 2003, breki imekuja 2016. Na sheria yao ya mipango ya mwaka 2000 ilitaka mjenzi wa nyumba atenge mpaka asilimia 20 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, ikashushwa kuwa 10 mwaka 2015, ikarudishwa 20 mwaka 2021. Katikati hapo, miaka ambayo mtaa ulikuwa unajengwa kwa kasi, ndo fungu lilikuwa dogo. Inaniuma hii, maana sharti kama hilo halina gharama ukiliandika wakati ardhi bado ni ya bei ya chini na iko mkononi mwa mamlaka. Ukisubiri bei ipande, kila mita unayoiomba tayari kuna mtu kaishaiweka rehani benki.

Na mamlaka yenyewe ilinaswa. Mwaka 2006 iliingia ubia kununua kiwanja cha kiwanda cha zamani cha chupa hukohuko Ringsend kwa euro milioni 412, kwa imani kwamba bei itaendelea tu kupanda. Haikuendelea. Kiwanja kikapoteza sehemu kubwa kabisa ya thamani ndani ya miaka michache, na mamlaka ikaja kuvunjwa rasmi 2016. Taasisi iliyosafisha udongo wa sumu ikafaulu, ilizamishwa na kununua kwa matarajio.

Narudi huku kwetu. Najua Mbeya haina bahari na sisemi kwamba Google wanakuja Iyunga. Ila ukipita nyuma ya stesheni ya TAZARA ukaona yale maghala na reli za pembeni, ni aina ileile ya ardhi: tambarare, iko kwenye njia kuu, ilipangwa kwa kazi ya mizigo ya zama nyingine. Mkongo wa taifa wa mawasiliano unapita hapa kwenda mpakani Tunduma. Uwanja wa ndege wa Songwe upo. Siku kitu kikubwa kikija, kiwe chuo, kiwe kiwanda, kiwe ofisi za kampuni ya simu, yule mama wa viazi atakuwa wapi?

Nieleze sheria inavyosema, maana wengi wanachanganya. Serikali ikitwaa eneo lako, kanuni za fidia za 2001 zinataka ulipwe thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyopo, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, posho ya makazi ambayo ni kodi ya miezi 36, na faida ya biashara iliyopotea, nayo kwa miezi 36. Nzuri. Ila hiyo faida inathibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa, na mama ntilie gani ana mkaguzi wa hesabu? Na hapo ni pale ardhi inapotwaliwa. Kama hakuna kutwaliwa, ni mwenye fremu tu kapandisha kodi kwa sababu ya tetesi, kanuni hizo hazimgusi kabisa. Sheria ya zamani iliyokuwa inadhibiti kodi za pango ilishafutwa 2005. Kinachobaki kumlinda ni mkataba wake, na kwa wapangaji wengi wa fremu niliowapima mkataba ni maneno ya mdomo.

Kuna na wale wanaokimbilia Matema na Itungi kununua ufukwe wa Ziwa Nyasa wakiamini siku moja patakuwa kama hizo picha za Dublin. Mwaka jana nilipelekwa na dalali kupima kiwanja huko Kyela, kizuri mno, mchanga mweupe, milima ya Livingstone ng'ambo inaonekana kama umeichora, nikaanza kupima kutoka kwenye maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kiwanja kilikuwa na urefu wa mita 75. Nikamwambia mnunuzi, kaka, unalipia 75 lakini unajenga kwenye 15. Dalali alinuna njia nzima mpaka Tukuyu.

Kwa hiyo nilivyorudi Uyole Jumamosi iliyofuata sikwenda kupima, nilikwenda kuonana na yule mzee mwenye fremu. Nikamwamkia, tukakaa, nikampigia ileile hesabu ya asilimia 10 na 8 kwenye kipande cha boksi. Nikamweleza kwamba mpangaji aliyekaa miaka sita bila kuruka mwezi, mwenye mkataba wa maandishi, ndo anayeipandisha thamani fremu yake mbele ya benki, kuliko 120,000 ya mtu asiyemjua. Alinyamaza kidogo, akauliza kama benki kweli wanaangalia hiyo mikataba. Nikamwambia mzee, ndo kitu cha kwanza ninachokiomba.

Wameandikiana miaka mitatu, 95,000 kwa mwezi, nyongeza isizidi 5,000 kila mwaka, nakala mbili, na mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri. Mama akaomba kiongezwe kipengele kimoja kabla hajasaini, kwamba bati linalovuja juu ya jiko libadilishwe kabla ya mvua za Machi. Mzee akaandika mwenyewe kwa mkono wake.