Je, wajua kwa nini magazeti ya zamani yalijaa mashine za ajabu ambazo hakuna aliyewahi kuziona mtaani?

Juzi kati nilienda Makoroboi, hapa Mwanza, kutafuta chaja ya simu, nikamkuta jamaa kamwaga chini vitabu vya mtumba, kimoja kilikuwa cha picha zilizokusanywa kutoka magazeti ya zamani ya Ulaya na Marekani, kurasa zimekuwa njano kabisa. Nikakichukua kwa buku mbili kwa sababu ya picha moja tu. Mzungu kavaa suti, kakaa NDANI ya gurudumu. Siyo juu yake, ndani, gurudumu limemzidi urefu karibu mara mbili na anaendesha ufukweni kama anaenda kazini.

Jioni nikapitia Igombe kwa mjomba wangu, fundi mitumbwi, nikamkuta anapiga randa. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba, za mjini, nikampa kitabu acheke. Hakucheka. Aliangalia ile picha kwa muda, akasema, "Sasa huyu akikanyaga breki inakuwaje?"

Sikuwa na jibu, ila nilivyorudi nikasoma, na kumbe hilo ndilo swali lililoiua ile mashine. Inaitwa Dynasphere, ya Mwingereza J. A. Purves, ilijaribiwa 1932 kwenye mchanga wa Brean kule Somerset. Urefu kama futi 10, uzito kama kilo 450, ilifika kama maili 30 kwa saa. Ukitaka kuelewa ilivyofanya kazi fikiria panya ndani ya kopo lililolala, panya akipanda ukuta wa mbele uzito wake unalivuta kopo nalo linabiringika. Kiti na injini ndo panya, gurudumu ndo kopo. Ukiongeza moto taratibu, safi. Ukifunga breki kwa nguvu, kiti kinashikana na gurudumu na gurudumu bado lina mwendo, basi na wewe unazungushwa miguu juu kichwa chini kama nguo kwenye mashine ya kufulia. Mjomba hajawahi kuendesha hata pikipiki na aliliona hilo kwenye picha.

Sasa kwa nini magazeti yalikuwa yanachapisha vitu kama hivi kibao, tena kwa sauti ya "kesho kila mtu atakuwa nacho"?

Jibu la haraka ni kwamba kuchora ni rahisi kuliko kutengeneza, na gazeti linauza mchoro. Mchoraji mmoja na wino anakupa meli inayopaa kabla ya chakula cha mchana, na mchoro hauzami wala hauhitaji mafuta. Hugo Gernsback, mhariri wa Marekani, mwaka 1925 kwenye jarida lake la Science and Invention alitoa helmeti inayoitwa Isolator, ya kukusaidia kukazania kazi usisumbuliwe. Ni dude la mbao linafunika kichwa chote, matundu ya macho yamezibwa yamebaki mistari myembamba uone mstari mmoja tu wa unachosoma, na mpira wa oksijeni mdomoni kwa sababu bila huo unakosa hewa. Hebu vaa hiyo hapa Mwanza mwezi wa kumi, saa nane mchana, chini ya bati. Lakini picha yake inasambaa mpaka leo karibu miaka 100 baadaye, kwa hiyo kama kazi yake ilikuwa kuvuta macho ya wasomaji, alifaulu.

Ila ukisema wahariri walikuwa wajinga utakuwa unawaonea. Jiweke mwaka 1896. Mwishoni mwa mwaka uliopita Mjerumani Röntgen amegundua miale inayopita kwenye nyama na kuonyesha mifupa, na picha ya mkono wa mke wake, pete imening'inia kwenye mfupa, inazunguka dunia. Ni kweli kabisa. Baadaye simu bila waya, kweli. Ndege, kweli. Sasa kesho yake mtu anaingia ofisini kwako anasema ana injini inayokula maji, wewe mhariri utamfukuza kwa kigezo gani? Na mwingine ana jina kubwa. Mwaka 1934 Nikola Tesla, siku ya kutimiza miaka 78, aliwaambia waandishi kwamba ana mwale wa kuangusha ndege 10,000 zikiwa maili 250 mbali. Huo mwale hakuna aliyeuona ukiangusha hata kunguru, lakini yule ni mtu ambaye mota yake ya umeme wa AC ilibadilisha viwanda, aina hiyohiyo ya umeme inayokuja nyumbani kwako, nani angethubutu kumwambia mzee unaota.

Na pale walipothubutu kucheka, waliumbuka. Oktoba 1903 gazeti la New York Times liliandika kwamba mashine ya kuruka itahitaji miaka kati ya milioni moja na milioni kumi. Desemba 17 mwaka huohuo ndugu wawili Wright wakaruka, sekunde 12 mara ya kwanza, lakini waliruka. Gazeti hilohilo Januari 1920 likamcheka Robert Goddard aliyesema roketi inaweza kufika mwezini, eti huko juu hakuna hewa roketi itasukuma nini. Hili mvuvi yeyote angewasaidia. Simama kwenye mtumbwi mdogo umetulia, rusha gunia la dagaa kwa nguvu kuelekea nyuma. Mtumbwi unaenda mbele, na unaenda palepale gunia linapoachia mikono, haulisubiri ligonge kitu. Roketi inarusha gesi yake nyuma hivyohivyo, haina shida na hewa. Gazeti lilikiri kosa Julai 17, 1969, watu wakiwa tayari njiani kwenda mwezini, Goddard mwenyewe alishafariki tangu 1945.

Halafu kuna pesa, na hapa ndo utamu ulipo. Mwaka 1812 kule Philadelphia Charles Redheffer alionyesha mashine inayojizungusha yenyewe milele bila kuni wala maji, watu wanalipa kuingia kuitazama na magazeti yanambeba. Akaihamishia New York. Akaja Robert Fulton, yule wa meli ya mvuke, akakaa akaisikiliza. Akagundua mzunguko wake haukuwa sawa, mara unakaza mara unalegea, na mashine halisi haifanyi hivyo, ule ni mlio wa mkono wa mtu anayezungusha mpini (aliyewahi kuzungusha cherehani ya mkono anajua). Akabandua mbao ukutani, wakakuta kamba nyembamba imepita kwenye ukuta, wakaifuata mpaka chumba cha juu. Wakamkuta mzee mwenye ndevu kakaa, mkono mmoja anazungusha, mwingine ana kipande cha mkate. Mi nikifika hapo huwa namfikiria yule mzee, kwamba wenzake wote wanajadili sayansi huko chini na yeye kimya anakula mkate wake.

John Keely naye alikusanya hela za wenye hisa kuanzia 1872 kwa zaidi ya miaka 20 akiahidi injini ya nguvu mpya. Alipofariki 1898 wakakuta chini ya karakana yake tufe kubwa la chuma la kuhifadhi hewa iliyoshindiliwa, na mabomba yaliyofichwa. Habari kwenye gazeti ndo ilikuwa tangazo lake, na la bure.

Sisi Waafrika nasi tumo. 1964 jarida la Time liliandika habari za Edward Makuka Nkoloso wa Zambia, mwalimu aliyekuwa anafundisha vijana kwenda mwezini kwa kuwaingiza kwenye pipa la mafuta na kuwabiringisha mlimani. Walimcheka sana, ingawa alikuwa mpigania uhuru na wapo wanaoamini alikuwa anawachezea akili wale waandishi.

Nikarudi kwa mjomba na hizo hadithi zote. Nikamwambia na ya kwetu. Mwaka 1874 magazeti mawili, New York Herald na Daily Telegraph la London, yalimlipia Stanley, mpelelezi wa Kizungu, safari, naye akaja na boti ya mbao, futi 40, imekatwa vipande vipande. Inaitwa Lady Alice. Wapagazi wakaibeba mabegani kutoka Bagamoyo mpaka Kageye, hapo upande wa Magu, wakafika Februari 1875, wakaiunga, na Machi ikaingia Ziwa Victoria na kulizunguka lote. Ukiiona kwenye karatasi unaweza kusema ni ndugu yake yule wa ndani ya gurudumu.

Mjomba akaweka randa chini.

"Vipande vingapi?"

Nikasema vitano, na baadaye viliongezwa kwa sababu vilikuwa vizito mno kwa wabebaji.

"Enhe. Na maungio walikalafati na nini?"

Nikasema mjomba hilo sijalisoma. Akanirudishia kitabu. "Nenda kasome," akasema, akaendelea kusokomeza pamba kwenye ufa wa mtumbwi wake.