Fuvu lililochapishwa kwa printa ya 3D si nakala kamili ya mgonjwa

Wengi huamini kwamba picha za CT (eksirei za kompyuta) zikitumwa kwenye printa ya 3D, mashine inayojenga vitu vya kushikika, kinachotoka ni kiungo cha mgonjwa vilevile kilivyo. Imani hiyo inaeleweka: mfano unaushika mkononi, na unafanana mno na mfupa.

Lakini kati ya picha na plastiki yupo mtu. Picha za CT huonyesha mwili kwa vipande vyembamba, kila kimoja na unene wake. Mtaalamu hukaa mbele ya kompyuta akiamua mfupa unaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Programu humsaidia, ila hukumu ni yake.

Tazama sakafu ya tundu la jicho kwenye fuvu la namna hii. Mara nyingi utakuta imetoboka. Mwanafunzi anaweza kudhani mgonjwa alivunjika, kumbe mfupa wa hapo ni mwembamba kama karatasi. Picha iliuchanganya na nyama ya jirani, ukapotea. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, maana daktari wa kesho anajifunza jeraha ambalo halikuwapo.

Mifano hii ni hazina darasani, nasema kwa dhati. Kabla ya kuitegemea, uliza unene wa vipande, na kama uso wa mfano ulilainishwa kwenye kompyuta. Chukua kalipa (kifaa cha kupimia umbali mdogo), pima umbali kati ya alama mbili za mfupa, kisha linganisha na kipimo cha kwenye picha zenyewe. Kama mfano ni wa ini, si wa mfupa, ubonyeze pia: plastiki ngumu haifundishi jinsi ini linavyokatika.