Mafuta yamepungua, kovu je?

Mama mmoja aliniwekea mezani karatasi mbili za ultrasaundi, ya miaka kadhaa iliyopita na ya wiki ile. Ya zamani ilisema ini lina mafuta mengi. Mpya ilisema mafuta ni kidogo. "Dokta, si nimepona?" Nilimpandisha kwenye mizani: uzito ulikuwa ule ule, na kisukari chake kilikuwa palepale. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi, nikaomba majibu ya damu. Umri miaka 58, AST 52 na ALT 36 (vyote vimeng'enya vya ini), chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 150.

Kuna hesabu ya kukadiria kovu kwenye ini tunayoipiga hapo hapo kwenye simu, inaitwa FIB-4. Zidisha umri kwa AST: 58 mara 52 ni 3,016. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ambacho kwa 36 ni 6, uzidishe kwa chembe sahani: 900. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, unapata 3.35. Jibu likiwa chini ya 1.3, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo (kwa aliyevuka miaka 65 tunatumia 2.0). Likipita 2.67, kovu linatafutwa bila kungoja.

Aliyemfuata siku hiyo alikuwa kijana wa miaka 38 aliyekosa usingizi kwa sababu maabara ilimwekea alama nyekundu kwenye ALT yake ya 64. AST 40, chembe sahani 250. Piga mwenyewe: 0.76. Mwenye karatasi nyekundu alikuwa salama zaidi kuliko mwenye karatasi nzuri.

ALT ni kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye seli za ini zinazoumia sasa hivi. Kovu ni kumbukumbu ya majeraha ya miaka mingi. Ini likishakomaa kwa makovu, ALT inaweza kushuka hadi ikaonekana ya kawaida, huku AST ikiipita. Damu inapita kwa shida, bandama linavimba na kuzishikilia chembe sahani, ndiyo maana idadi yake huanguka. Na mafuta yenyewe huweza kuyeyuka kadiri kovu linavyotanda.

Mafuta hayo yanatoka wapi? Wengi hudhani yanatoka moja kwa moja kwenye sahani ya chakula. Kwa watu wenye ugonjwa huu wa ini lenye mafuta, takriban asilimia 60 ya mafuta ya ini hutoka kwenye akiba ya mwili, hasa ya tumboni, kama robo ini hulitengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga, na chakula chenye mafuta huchangia kama asilimia 15 tu. Kwa kawaida insulini huiamuru akiba hiyo ifunge mlango baada ya mlo. Mwili ukishakuwa sugu kwa insulini, amri haisikiki, mafuta yanamiminika kwenye damu mchana na usiku, na ini ndilo linalopokea. Kumwambia mtu "punguza mafuta" na kumwachia soda yake ni nusu ya ushauri. Mwaka 2023 hata jina la ugonjwa lilibadilishwa ili litaje chanzo hiki badala ya kusema tu kwamba si wa pombe.

Kovu nalo lina mfumaji wake. Kando ya seli za ini kuna seli za nyota, ambazo mwanaanatomia Kupffer alizieleza mwaka 1876. Zikiwa zimetulia, kazi yake ni kutunza vitamini A. Uvimbe unaoletwa na seli zinazoumia ukizichokoza, huitupa akiba hiyo na kuanza kufuma kolajeni, uzi juu ya uzi. Tunahesabu hatua za kovu kutoka F0, bila kovu, hadi F4, ambayo ni sirosisi, ini lililokomaa kwa makovu. Kwa wastani hatua moja huchukua miaka 14 penye mafuta matupu na miaka 7 penye uvimbe, ingawa wapo wanaokimbia zaidi ya hapo.

Habari njema ni kwamba uzi unaweza kufumuliwa. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2015, watu 293 walibadilisha mtindo wa maisha kwa wiki 52 na wengi wao wakachukuliwa kinyama cha ini kabla na baada. Kati ya waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, asilimia 45 kovu lao lilirudi nyuma. Waliofika huko walikuwa wachache, chini ya mmoja kwa kumi, kwa hiyo simlaumu mgonjwa anayeshindwa. Dawa nazo zipo sasa: Marekani iliidhinisha resmetiromu Machi 2024 na semaglutaidi Agosti 2025, kwa wenye F2 na F3. Walio na sirosisi hawamo.

Tulimpeleka yule mama kwenye FibroScan. Kidude chake kinabisha hodi kati ya mbavu na kupima jinsi wimbi linavyokimbia ndani ya ini: likikimbia sana, ini ni gumu. Chini ya kilopaskali 8 tunapumua. Yake ilikuwa 13.8.

Alikaa kimya, kisha akauliza, "Sasa yale mafuta yalienda wapi?" Nikachukua kalamu, nikageuza karatasi yake mpya ya ultrasaundi, nikaanza kumchorea seli ya nyota.