Simba wa Kusini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukikaa barazani Mtama, Nachingwea au Nanyumbu, habari za simba hazichelewi kuingia kwenye mazungumzo, na zina haki ya kuingia. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania, na sehemu kubwa ya misiba hiyo ilitukuta sisi wa kusini-mashariki. Siandiki haya kumwomba aliyemzika ndugu yake ampende simba. Naandika kwa kuwa mengi tunayoambiana juu ya mnyama huyu hayatukingi, na yeye yanammaliza.

“Huyo si simba wa porini, ni simba wa mtu.”

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote: kwamba simba anayekamata watu ametengenezwa au kutumwa na mwenye husuda. Watafiti waliofuatilia mashambulizi haya walikuta jambo lililo wazi zaidi. Mahali watu walipokamatwa sana, wanyama ambao simba huwategemea porini walikuwa wamepungua, na nguruwe pori walikuwa wengi. Nguruwe hufuata mihogo na mahindi yetu usiku. Simba humfuata nguruwe. Mkulima naye, asije akaamka na shamba tupu, amelala kwenye dungu au kwenye kibanda cha nyasi akilinda. Hakuna aliyetumwa hapo. Njaa tatu zimekutana shamba moja. Ndiyo maana mashambulizi huzidi kati ya Machi na Mei, mazao yanapokomaa na kuvunwa.

Ukanda wa pwani wengi wetu ni Waislamu, hatuli nguruwe, hivyo hakuna anayemsaka kwa kitoweo. Anazaliana tu. Kuchimba mtaro kuzunguka shamba ili nguruwe asipite ni kazi nzito, najua, lakini unamzuia nguruwe, na simba anakosa cha kufuata. Tukishikilia habari za simba wa mtu, kidole kinamwelekea mzee mpweke asiye na hatia, na mtaro hauchimbwi.

“Mwezi ukishakuwa mpevu, hatari imepita.”

Kinyume chake. Uchunguzi wa mashambulizi yaliyotokea kusini-mashariki mwa Tanzania kati ya 1988 na 2009 ulionyesha kwamba siku mbaya kuliko zote ni zile zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake inaeleweka. Mbalamwezi humnyima simba mafanikio, kwa kuwa mawindo yanamwona mapema. Anapitisha siku kadhaa bila kushiba. Kisha mwezi unaanza kuchelewa kuchomoza, na zile saa za mwanzo wa usiku zinakuwa giza tupu wakati sisi bado tuko nje: tunatoka msikitini, tunateka maji, tunakwenda choo cha uani. Watu wengi walikamatwa baada ya Magharibi hadi kama saa nne usiku.

Sisi tunaofuata mwezi wa kuandama tuna kalenda ya tahadhari tayari mkononi. Tarehe 15 ikishapita, watoto wasitumwe dukani jua likizama, na anayekwenda chooni asindikizwe na mwenzake mwenye tochi.

“Anayekula watu ni simba mzee, ameisha meno.”

Wapo wenye maradhi. Yule aliyeua watu zaidi ya 30 Rufiji miaka ya 2002 hadi 2004 alikutwa na jipu kubwa kwenye jino, lakini alikuwa bado kijana. Simba mzima, mwenye nguvu zake, naye hukamata mtu akikosa mawindo na akimkuta mtu huyo amelala nyasini. Usijipe moyo kwa kuangalia umri wa nyayo.

“Simba wapo tele, hawawezi kwisha.”

Ni kweli Tanzania ina simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na pori kubwa la Selous, ambalo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, linaingia hadi Liwale. Lakini Afrika nzima simba wamebaki kwenye chini ya sehemu moja ya kumi ya eneo walilokuwa wakiishi zamani. Katika maeneo yaliyofuatiliwa, idadi yao ilishuka kwa asilimia 43 hivi kati ya 1993 na 2014. Jike hubeba mimba miezi mitatu na nusu, na watoto humtegemea kwa karibu miaka miwili. Ukimuua mama, umewaua na wao.

Linaloniuma zaidi ni mitego ya nyaya. Inategwa kwa ajili ya swala, inamnasa na simba. Asiponaswa, anabaki kwenye pori lisilo na swala, na anageukia nguruwe walioko mashambani mwetu.

“Dawa yake ni sumu kwenye mzoga.”

Sumu haichagui. Inaua fisi, tai na mbwa wako mwenyewe, na simba aliyekamata mtu anaweza asiuguse mzoga huo kabisa. Ukiona nyayo karibu na makazi, mwambie mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, apeleke taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Askari wao ndio wenye mamlaka ya kumsaka simba aliyezoea watu. Taarifa hiyo inahitajika pia pale msiba unapokuwa umeshatokea, kwa sababu familia ina haki ya kuomba kifuta machozi serikalini, na aliyejeruhiwa vilevile.