Kisukari Kinapogusa Figo: Maswali na Majibu

Nina kisukari, lakini nakojoa vizuri na mgongo hauniumi. Kwa nini nipimwe figo?

Kwa sababu figo huharibika kimyakimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake asihisi kitu. Miguu ikianza kuvimba na mkojo kutoka povu, muda mwingi umeshapotea. Angalau mara moja kwa mwaka unahitaji vipimo viwili: kreatinini (taka ambayo figo huondoa) kwenye damu, na uwiano wa albumini, yaani protini, na kreatinini kwenye mkojo. Hicho cha mkojo ndicho kinachosahaulika, ilhali ndicho huwahi kuona tatizo. Kijiti cha kawaida cha kupimia mkojo kinaweza kisione albumini ikiwa bado ni kidogo. Majibu yakiwa miligramu 30 kwa gramu au zaidi, na yakabaki hivyo kwa miezi 3, figo zimeguswa.

Mama alikuwa akichoma insulini nyingi. Siku hizi sukari inashuka yenyewe, naye anakunywa mitishamba. Amepona?

Nakuomba umpeleke akapimwe figo wiki hii. Figo husaidia kuondoa insulini mwilini, na mtu akikaa na njaa, figo hizo huchangia kutengeneza sukari. Zikidhoofika, insulini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo dozi aliyoizoea inaanza kumshusha sukari kupita kiasi. Nyumbani watu wanashukuru mizizi, kumbe ugonjwa umesonga mbele. Hili linanisikitisha kuliko mengine yote, maana familia inakuwa na furaha wakati ule ule ambao mgonjwa anaweza kuzimia usingizini. Anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, yuko katika hatari hiyo hiyo. Asiache dawa mwenyewe. Daktari atapunguza dozi au kubadilisha. Na mitishamba aisitishe, kwa kuwa mingine huumiza figo moja kwa moja.

Kuna dawa za kulinda figo?

Zipo, na leo ni bora kuliko miaka 20 iliyopita. Ya kwanza ni kudhibiti presha, kwa wengi iwe chini ya 130/80, hasa kwa losartani au enalapril, ambazo pia hupunguza protini inayovuja kwenye mkojo. Enalapril ikikuletea kikohozi kikavu, usiiache kimyakimya, sema ubadilishiwe. Mjamzito hapewi dawa hizi.

Kisha kuna kundi la vidonge vya kisukari vya dapagliflozini, empagliflozini na kanagliflozini. Utafiti wa CREDENCE, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa kanagliflozini ilipunguza kwa asilimia 30 hatari ya figo kuzorota vibaya au kufa kwa ugonjwa wa figo au moyo. Mwaka 2024, utafiti wa FLOW ulipata punguzo la asilimia 24 la hatari ya namna hiyo kwa sindano ya semaglutidi. Dawa hizi hazirudishi figo iliyokufa, zinachelewesha. Ukitapika, ukiharisha au ukitaka kufunga, muulize daktari kwanza kuhusu vidonge vya kundi la dapagliflozini.

Diklofenaki na ibuprofeni ziepuke. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli.

Ni kweli ukianza kusafishwa damu ndiyo mwisho?

Si kweli. Wapo wanaoishi miaka mingi wakisafishwa damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Ila anayefika amezidiwa huwekewa mpira shingoni kwa dharura, na mpira huo huleta maambukizi kirahisi. Aliyejiandaa miezi kabla hutengenezewa fistula mkononi, yaani mshipa wa vena ulioungwa na ateri, nayo ni salama zaidi.

Na kupandikizwa figo?

Kwa anayefaa, kupandikizwa humpa maisha marefu kuliko kusafishwa damu, hata akiwa na kisukari. Tanzania ilianza upandikizaji Muhimbili mwaka 2017; kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Moyo hupimwa kwanza, kwa kuwa ndio unaoua wengi wenye kisukari na figo dhaifu. Dawa za kuzuia mwili kuikataa figo mpya huweza kupandisha sukari, kwa hiyo kliniki ya kisukari haikomi. Ndugu anayejitolea naye apimwe sukari: akiwa nayo, kwa kawaida haruhusiwi kutoa.