Kuandaa Mdahalo wa Darasani kuhusu Haki ya Kutoa Mimba

Suala la utoaji mimba likiletwa darasani kwa maneno mapana, kama vile "Je, kutoa mimba ni haki?", mdahalo huvurugika kabla ya msemaji wa kwanza kusimama, kwa sababu upande mmoja utazungumzia sheria huku mwingine ukijibu kwa maadili, na kila mmoja utaondoka ukiamini kwamba umeshinda. Katika kazi yetu ya kuwaandaa walimu wanaosimamia midahalo, hili ndilo kosa tunalolisahihisha kwanza, nalo hutokana na mada iliyotungwa kwa haraka wala si upungufu wa wanafunzi.

Ndani ya swali hilo moja kuna maswali kadhaa. Lipo la falsafa na dini, yaani uhai wenye kustahili kulindwa huanza lini. Lipo la sheria, yaani dola iruhusu nini na iadhibu nini. Na lipo la afya ya mama. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba kutoa mimba ni kosa kimaadili na bado akapinga kumfunga jela mwanamke aliyefanya hivyo, na mwingine anaweza kuona kwamba uamuzi ni wa mwanamke lakini akataka sheria iweke ukomo wa wiki. Mada isiyowapa watu hawa wawili mahali pa kusimama haijaiva. Afadhali iandikwe hivi: "Sheria imruhusu mwanamke kutoa mimba kwa uamuzi wake mwenyewe katika wiki 12 za mwanzo." Hapo pana jambo mahususi la kutetea na la kupinga, na mwenyekiti ana msingi wa kumrudisha msemaji anayetoka nje ya mada.

Wanafunzi wasome sheria zenyewe, tena wazisome zote. Ibara ya 26 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafaa sana kwa zoezi hili. Inatamka kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na papo hapo inasema kwamba utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Mwanafunzi wa upande mmoja huja na nusu ya kwanza, mpinzani wake huja na nusu ya pili, na hakuna hata mmoja aliyedanganya. Lakini anayestahili alama ni yule atakayeeleza kwa nini waandishi waliziweka nusu hizo mbili ndani ya ibara moja.

Mifano ya kwingineko itumike kuonyesha kwamba sheria hubadilika, na si kwa kuelekea upande mmoja tu. Ireland iliweka kinga ya asiyezaliwa katika katiba mwaka 1983, kisha wananchi wakaiondoa kwa kura ya maoni mwaka 2018. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitambua haki ya kikatiba ya kutoa mimba mwaka 1973, na mahakama hiyohiyo ikaifuta mwaka 2022 na kuliacha suala hilo kwa majimbo.

Takwimu zinahitaji uangalifu zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mimba takriban milioni 73 hutolewa kila mwaka duniani, na kwamba karibu asilimia 45 ya matukio hayo si salama. Mtetezi wa mada atasema kwamba katazo huwasukuma wanawake kwenye hatari. Mpinzani atasema kwamba wingi wa tendo haulihalalishi. Wote wawili waulizwe swali lilelile: tarakimu hii inathibitisha nini, na wapi inaishia?

Lugha nayo ipimwe mapema. Anayesema "mtoto" na anayesema "kijusi" kila mmoja ameshaegemea upande, na darasa lilitambue hilo waziwazi badala ya kugombana juu yake katikati ya hotuba. Aidha, mimba kuharibika yenyewe isichanganywe na kutoa mimba kwa hiari, kwani kosa hilo dogo la maneno humuumiza sana aliyefiwa.

Baada ya hapo, kila upande uandike hoja nzito kuliko zote za upande wa pili na kuzijibu. Watetezi waeleze, ikiwa msingi wao ni mamlaka ya mwanamke juu ya mwili wake, kwa nini waishie wiki ya 12. Wapinzani waeleze wanamwambia nini msichana aliyebakwa, na sheria wanayoitaka itamfanya nini mwanamke aliyetoa mimba kwa siri. Anayekwepa swali lake hajajiandaa.

Desturi ya kuwagawa wanafunzi katika pande kwa kura ni nzuri, lakini kwa mada hii tunashauri ilegezwe. Huenda katika darasa hilo yumo aliyepitia jambo lenyewe, au dada yake, au mama yake. Mwalimu atangaze siku kadhaa kabla kwamba yeyote anaweza kumwendea faraghani na kuomba kazi ya kutunza muda au kuandika muhtasari, bila kutakiwa kueleza sababu, na kazi hiyo ipewe alama sawa na ya wasemaji.